Kujaza upya maganda ya risasi za bastola nyumbani: pa kuanzia kwa tuliopo Marekani

Wakuu habari zenu. Hii nawaandikia nyie mliopo Marekani kama mimi (nipo Ohio) mnaopiga shabaha wikiendi, na kila mkitoka uwanjani mnaona maganda ya shaba yamezagaa chini kama maganda ya karanga baada ya mechi, watu wanayakanyaga wanaondoka zao. Ganda ndo kitu cha gharama kuliko vyote kwenye risasi na ndo kitu pekee kinachobaki ukishapiga, kwa hiyo mtu anayeokota maganda yake na kuyajaza tena anapiga mara nyingi zaidi kwa hela ileile. Nimeulizwa sana na vijana wa kwetu namna ya kuanza, na kila nikieleza kwa mdomo naona nimeruka kitu, sa hivi naandika yote pamoja.

Kwanza sheria, na naomba usiruke hapa. Marekani sheria ya shirikisho haikudai leseni ukijaza risasi zako mwenyewe kwa matumizi yako mwenyewe. Siku utakayoanza kuwauzia wenzako kwa faida, hiyo ni biashara ya kutengeneza risasi na inataka leseni ya ATF (idara ya shirikisho inayosimamia silaha), kwa hiyo usiuze hata bokisi moja kwa rafiki. Majimbo na miji nayo ina mambo yake, soma ya kwako kabla hujanunua chochote. Na kubwa zaidi kwetu wageni: kama upo kwa viza ya muda, ya masomo au utalii au kazi, sheria ya shirikisho kwa kawaida inakukataza kumiliki bunduki NA risasi, misamaha ipo michache kama mwenye leseni halali ya uwindaji, lakini usijitafsirie mwenyewe, muulize wakili wa uhamiaji, maana kosa la bunduki linaweza kukutoa nchi hii moja kwa moja. Mwenye green card hayumo kwenye katazo hilo la viza. Na ndugu zangu mnaosoma hii mkiwa Tanzania au Kenya, huko ni habari nyingine kabisa, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa kubwa, Tanzania kuna sheria ya silaha na risasi ya 2015 na Kenya kuna Firearms Act sura ya 114, kwa hiyo usibebe haya ukaenda kuyajaribu nyumbani likizo, wala usiweke begi lenye maganda na fataki kwenye ndege.

Haya tuingie kazini. Risasi nzima ina vitu vinne. Kuna ganda, lile la shaba. Kuna fataki, kile kisahani kidogo kitakoni ambacho pini ya bastola inakigonga kinatoa cheche, wengi hapa tunaita praima tu. Kuna baruti ndani. Na kuna kichwa, ile sehemu inayoruka kwenda kwenye shabaha. Kwenye Kiswahili cha kila siku vyote tunaita risasi, ila ukishaanza kazi hii lazima uvitenganishe mdomoni, maana ukimwambia mwenzako "nimeishiwa risasi" hajui umeishiwa nini.

Sio kila ganda linajazika. Chukua ya shaba tu (yale yaliyopakwa nikeli yanang'aa kama fedha nayo yanafaa), ya alumini na ya chuma achana nayo. Chungulia ndani kwa tochi: ukiona kitundu kimoja katikati hiyo ni aina ya Boxer, inajazika vizuri, ukiona vitundu viwili vidogo pembeni hiyo ni Berdan, weka pembeni. Ajabu yake ni kwamba Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani, lakini Marekani ndo wanatumia ya Boxer na Ulaya ikashika sana ile ya Berdan. Ganda lenye ufa mdomoni au lenye mstari unaong'aa kulizunguka karibu na kitako, liponde kwa koleo kabisa ndo ulitupe, usiliache zima mtu mwingine akaliokota.

Uanze na saizi gani? Wengi wana bastola ya 9mm wanataka waanze na hiyo. Mimi nakushauri kama una rivolva (bastola ya silinda inayozunguka) anza na .38 Special. Ganda lake ni refu, linashikika vizuri na vidole vya mtu anayejifunza, presha yake ni ndogo (kikomo cha SAAMI, wanaoweka viwango vya risasi Marekani, ni psi 17,000, yaani pauni kwa inchi ya mraba, wakati 9mm ni psi 35,000), na maganda hayarushwi huku na kule, unafungua silinda unayamwaga mkononi yote. 9mm ni ganda fupi, na kwenye ganda fupi namna hiyo ukisukuma kichwa ndani kidogo tu kupita kipimo presha inapanda haraka sana. Haikatazwi kuanza nayo ila inakusamehe kidogo kuliko .38.

Lakini .38 ina mtego wake na lazima uujue kabla ya kununua hata kifaa kimoja. Hili ganda lilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19 enzi za baruti nyeusi, ile ya moshi mwingi, ambayo ilihitaji nafasi kubwa. Baruti za sasa zina nguvu mara nyingi zaidi kwa ujazo mdogo, kwa hiyo kipimo sahihi kinakaa chini kabisa ya ganda kama chumvi kidogo chini ya glasi, juu pote ni patupu. Maana yake unaweza kumimina mara mbili na ganda likapokea bila kumwagika, na hata mara tatu kwa baadhi ya baruti. Ukipiga hiyo bastola inaweza kupasuka mkononi. Na unaweza kusahau kumimina kabisa, ambalo nalo lina hatari yake ntaieleza. Kazi yote hii ukiiangalia vizuri ni jambo moja, KUANGALIA NDANI YA GANDA KWA MACHO YAKO kabla hujaweka kichwa, kila ganda, kila mara. Mengine yote yanarekebishika.

Vifaa sasa. Nunua presi ya hatua moja, ile ambayo unavuta mkono mara moja inafanya kazi moja kwa ganda moja. Utaona watu wana presi zinazozunguka, kila ukivuta mkono inatoka risasi nzima, zinavutia kweli na zina kasi, lakini pale vitu vinne au vitano vinatokea kwa wakati mmoja na mtu mgeni hana macho manne. Lee (wapo Wisconsin), RCBS, Hornady na Lyman wote wana seti za kuanzia na zote zitakutosha, tofauti ni uzito wa chuma na bei, ya bei rahisi nayo inajaza risasi nzuri tu. Presi ifunge kwa bolti kwenye meza nzito. Meza ikicheza kila kitu kinacheza.

Halafu unahitaji dai za saizi yako, hizi ni zile kalibu za chuma unazozungusha kwenye presi, nunua zenye pete ya kabaidi (madini magumu sana) maana hazihitaji kupaka ganda mafuta. Kuna kishikio cha ganda (shellholder wanavoita hapa) lazima kiwe cha saizi yako. Mizani, na hapa usibane hela, iwe ya mkono wa kubembea au ya betri ila nunua na mawe madogo ya kuihakiki. Kalipa ya kupimia urefu. Kibao chenye matundu 50 cha kusimamishia maganda. Nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa ukikosea, utakosea. Miwani ya kukinga macho. Tochi ndogo. Na kitabu.

Kitabu ndo kifaa cha kwanza kabla hata ya presi. Viwanda kama Lyman, Hornady na Speer vinatoa vitabu vya vipimo, na wenye baruti kama Hodgdon wanaweka vipimo vyao bure mtandaoni. Kila kipimo humo kimepigwa kwenye mtutu wa majaribio ukapimwa presha. Mi sitakupa namba ya greini (uzito wa baruti) hapa na usimwombe mtu yeyote mtandaoni akupe, hata mimi, hata mzee mwenye miaka arobaini kwenye hii kazi, kwa sababu kidole kinateleza kwenye simu, 4.5 inakuwa 5.4, na huyo mtu hatakuwepo bastola yako ikipasuka. Fungua kitabu, tafuta saizi yako, tafuta kichwa chenye uzito uleule na aina ileile, tafuta baruti yenye jina lilelile herufi kwa herufi, afu anza na kipimo cha CHINI wanachoandika cha kuanzia. Ukibadili kitu chochote, kichwa au aina ya fataki, unarudi chini unaanza tena.

Kuhusu greini: ni kipimo cha uzito, sio chembe. Wageni wengi wanachanganya hapa wanadhani unahesabu punje za baruti. Pauni moja ina greini 7,000, kwa hiyo tukisema kwa mfano wa hesabu tu kwamba kila ganda linakula greini 5 (hicho sio kipimo cha kujaza, ni hesabu ya hela), kopo la pauni moja linatoa risasi 1,400. Ndo maana baruti haiumizi mfuko sana. Kinachoumiza ni vichwa na fataki, na waliokuwepo 2020 na 2021 wanakumbuka fataki zilivyoadimika, watu wanapanga foleni madukani na bei ikapanda mara kadhaa. Ukinunua mtandaoni kuna ada ya mzigo hatari kwa fataki na baruti, inalipwa kwa kila shehena sio kwa kila kopo, kwa hiyo ungana na wenzako wawili watatu muagize pamoja.

Baruti ya kuanzia chagua ambayo ni ya kawaida kwenye kitabu na inayojaza ganda vizuri, sio ile inayokaa chini kabisa. HP-38 watu wengi wanaianzia (ila nayo haijazi ganda la .38, kwa hiyo kuchungulia kuko palepale), na kwa taarifa yako HP-38 na Winchester 231 ni baruti ileile kwenye makopo mawili tofauti, Hodgdon ndo anaziuza zote, kwa hiyo ukikosa moja tafuta nyingine. Ila nje ya jozi hiyo usikubali kabisa mtu akwambie baruti hii ni sawa na ile. Na mezani iwepo baruti ya aina moja tu kwa wakati mmoja, kopo lingine lolote libaki kabatini. Ukimaliza rudisha iliyobaki kwenye kopo lake siku hiyohiyo, ukikuta baruti kwenye kipimio (kifaa cha kumiminia baruti kwa kiasi ulichoweka) asubuhi na hukumbuki ni ipi basi hiyo sio baruti tena, ni mbolea ya bustani, itandaze kwenye majani nje.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Osha maganda kwanza. Kuna mashine ya kutikisa yenye chenga za mahindi au maganda ya jozi, kuna ya maji yenye vipini vidogo vya chuma, zote sawa. Mashine ya chenga kavu iweke gereji au nje, sio jikoni wala chumbani, ntasema kwa nini mbele.

Weka ganda kwenye kishikio, dai ya kwanza kwenye presi, vuta mkono. Dai hiyo inalibana ganda lililotanuka lirudi saizi yake na pini yake inasukuma fataki kuukuu nje, utaisikia inadondoka tik. Fanya yote 50 ndo uhame, usichanganye hatua. Badili dai, ya pili inapanua mdomo wa ganda kidogo tu ili kichwa kikae, kidogo kiasi kwamba unaona kwa tabu, ukipanua sana mdomo unachoka na utapasuka mapema.

Fataki. Hizi ndo zinalipuka kweli, baruti ya kisasa ukiiwasha nje inaungua tu kwa moto mkali lakini fataki inalipuka kwa kugongwa, kwa hiyo usimwage fataki nyingi kwenye bakuli, usilazimishe ikigoma kuingia, na kabla hujazigusa vaa miwani. .38 inatumia fataki ndogo ya pistoli. Isukume taratibu mpaka uisikie imegusa chini, afu pitisha kidole kitakoni kwa ganda: iwe chini kidogo ya usawa. Ikiwa imechomoza silinda ya rivolva inaweza kukwama au mbaya zaidi.

Sasa baruti, na hapa zima TV, zima redio, watoto walale. Mizani iwe mbali na feni maana upepo wa feni unaiyumbisha, ihakiki na mawe yake, anzia sifuri. Rekebisha kipimio, mimina mara kumi ukirudisha kwenye kopo uone kimetulia, ndo upime. Pima kila ganda kwa yale kumi ya kwanza, baada ya hapo pima moja kila baada ya kumi.

Namna yangu ya kujilinda na kumimina mara mbili ni hii: maganda yote yanaanza yakiwa yamepinduliwa mdomo chini kwenye kibao. Nachukua moja, naligeuza, namimina, nalirudisha mdomo JUU. Kwa hiyo lenye mdomo chini halijapata, lenye mdomo juu limepata, hamna la katikati. Yote 50 yakisimama nachukua tochi nainama nachungulia safu kwa safu. Jicho lako lina uwezo mkubwa kuliko unavyodhani hapo, kwenye mwanga wa tochi baruti inaonekana kama mchanga wa kijivu na yote iko usawa mmoja, lenye mara mbili linakurukia machoni lenyewe na lenye sifuri linaonekana ni shimo jeusi. Nachungulia mara mbili, ya pili naanzia upande mwingine. Inachukua dakika moja.

Sijaanza na huo utaratibu. Mwaka wangu wa kwanza nlikuwa najaza usiku baada ya shifti, nimemimina kama ganda thelathini hivi simu ikaita, ni mama anapiga kutoka Tanga, kule ni asubuhi, tukaongea karibu nusu saa mambo ya shamba na ada ya mdogo wangu, nikarudi mezani nikaendelea pale nilipodhani nimeishia. Sikuchungulia. Jumamosi tukaenda uwanjani, bokisi la kwanza safi, la pili napiga nasikia pfu, kama mtu anafungua soda, mkono haukurushwa kabisa, moshi kidogo ukatoka pembeni ya silinda. Na kidole changu tayari kilikuwa kinavuta tena, maana mtu akisikia risasi imelia vibaya mwili unataka kupiga inayofuata. Mzee wa meza ya jirani, mstaafu wa reli ambaye ndo alinifundisha hii kazi, akapiga kelele STOP akaweka kiganja chake mbele yangu. Nikafungua silinda, nikatoa zote, tukapitisha kijiti cha mbao kwenye mtutu kutokea mbele, kikaishia katikati. Fataki peke yake bila baruti ilikuwa imekisukuma kichwa mpaka ndani ya mtutu na kikakwama pale, silinda inazunguka vizuri kabisa kama hamna kitu. Ingefuata risasi nzima nyuma yake kwenye mtutu ulioziba. Tulikitoa nyumbani kwake kwa fimbo ya shaba na nyundo, bastola haina risasi, tumeibana kwa mbao. Kile kichwa ninacho mpaka leo, kimekaa juu ya rafu mbele ya presi, kina mistari ya mtutu ubavuni.

Kwa hiyo ukikatizwa, simu, mtoto, mlango, chochote, na huna uhakika, MWAGA. Rudisha baruti ya yale maganda yote kwenye kipimio anza upya. Hasara yake ni dakika kumi. Na uwanjani risasi yoyote ikilia tofauti, laini kuliko wenzake, shusha mtutu uelekee kwenye shabaha, subiri, toa risasi zote, hakikisha mtutu uko wazi mwanzo mpaka mwisho kabla ya kitu kingine. Mfundishe na unayepiga naye.

Ukishachungulia weka vichwa palepale, usiache maganda yenye baruti yalale usiku kwenye kibao. Dai ya tatu inasukuma kichwa mpaka urefu ulioandikwa kwenye kitabu, pima na kalipa yale matano ya kwanza kila moja. Vichwa vya .38 vingi vina mfereji unaokizunguka, mdomo wa ganda uishie hapo. Halafu dai ya kukaza, inaukunja mdomo kidogo ndani ya ule mfereji, kwa rivolva hii ni muhimu kwa sababu kila ukipiga moja zile zilizobaki kwenye silinda zinatikiswa, kichwa kisichokazwa kinatambaa mbele kinatokeza nje ya silinda inakwama. Usikaze mpaka ganda livimbe. Kwenye 9mm ni kinyume, pale hukunji mdomo, unaondoa tu ule upanuzi mpaka mdomo unyooke, kwa sababu risasi ya 9mm inajishikilia ndani ya chemba (pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu) kwa ukingo wa mdomo wake, ukiukunja inazama kupita kiasi.

Nyumbani hakiki kwa geji, kile kichuma chenye tundu la saizi ya chemba, risasi iingie na itoke kwa uzito wake. Usihakiki kwa kuingiza risasi nzima kwenye bastola iliyo kamili sebuleni kwako.

Nilisema ntaeleza kwa nini mashine ya chenga kavu isikae jikoni wala chumbani, ni kwa sababu ya vumbi. Fataki nyingi zina madini ya risasi ndani yake (ajabu ya lugha yetu, lead nayo ni risasi), na vumbi lake ndo lile jeusi linalobaki kwenye maganda na kwenye chenga za mashine. Halionekani linaingiaje mwilini, linaingia kwa mkono uliogusa ganda ukagusa chapati. Kwa mtoto linaharibu ubongo unaokua na hamna kiwango salama, hapa Marekani CDC tangu 2021 wanaanza kufuatilia mtoto akifika mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu, ambacho ni kidogo sana. Kwa hiyo usile wala usinywe chai kwenye meza ya kazi, nawa kwa sabuni na maji baridi kabla hujambeba mtoto, nguo za uwanjani zifuliwe peke yake, viatu vibaki mlangoni. Na meza ya kazi isiwe meza ya kulia chakula hata kama chumba ni kidogo, heri ufunge presi kwenye ubao mzito uutoe na kuurudisha gereji. Daktari akiwa anakupima damu mwombe apime na hii, mimi napima kila mwaka.

Kuhifadhi: baruti kwenye kopo lake la asili, kavu, baridi, mbali na moto na boila, kabati lenye kufuli ambalo mtoto hafikii. Usifungie kwenye sanduku la chuma lisilopitisha hewa kama sefu, baruti iliyofungiwa kwenye chuma ikipata moto ndo inakuwa bomu. Mwongozo wa zimamoto wa NFPA kwa nyumba ni baruti isiyozidi pauni 20 kwenye makopo yake na fataki zisizozidi 10,000, ukipita hizo pauni 20 kuna masharti ya sanduku nene la mbao, na wilaya yako inaweza kuwa kali zaidi, ila anayeanza kopo moja na fataki 1,000 zinakutosha mwaka mzima.

Bokisi lako la kwanza jaza risasi kumi tu za kipimo cha kuanzia, sio hamsini. Bandika karatasi juu: tarehe, saizi, kichwa na uzito wake, baruti na greini zake, fataki, urefu. Andika hivohivo kwenye daftari. Uwanjani weka moja kwenye silinda, piga, fungua, toa ganda uliangalie kwenye mwanga: fataki bado ina ukingo wa mviringo au imebapa kama imepigwa nyundo, ganda limetoka kirahisi au limegoma. Ganda likigoma kutoka acha hapohapo, zilizobaki rudi nazo uzitoe vichwa kwa ile nyundo ya plastiki ya kutolea vichwa. Zikitoka vizuri piga ya pili, afu ya tatu, andika kwenye daftari zilivyokuwa, na maganda yako kumi usiyaache chini.